Mashine ya kusagia kahawa nyumbani: angalia meno kabla ya mota

Kahawa ikishasagwa haikai. Ile harufu inayojaa jikoni ukifungua pakiti ni ladha inayoondoka hivyo. Ndiyo maana anayenunua punje nzima za Mbinga au Nyeri hatimaye hutafuta cha kusagia, na dukani anakuta vitu tofauti kabisa vikiitwa jina moja.

Kabla hujauliza bei, uliza kinachosaga ni nini. Ama ni visu vinavyozunguka kama vya blenda, ama ni meno yanayobana punje katikati, kama mawe ya kusagia. Visu havisagi, vinakatakata. Vijaribu kwa kijiko kimoja, kisha mwaga kwenye karatasi nyeupe: utaona chenga kama za mchele zimechanganyika na unga laini kama poda. Maji ya moto yakipita hapo, unga unatoa uchungu kabla chenga hazijatoa kitu. Kikombe kinakuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja, halafu lawama anabebeshwa mkulima.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya mkono yenye meno ya chuma, mfano Timemore C2. Meno yake yana kipenyo cha milimita 38, na inachukua gramu 20 na kitu kwa mara moja. Gramu 15 za kikombe changu cha asubuhi huchukua kama dakika moja ya kuzungusha, umeme uwepo usiwepo. Kuna gurudumu dogo la kurekebishia linalolia tik, tik. Hesabu milio na uandike namba: birika la moka, lile la chuma ambalo mvuke husukuma maji juu kupitia kahawa, linataka unga laini kuliko chujio la karatasi, na lile birika la kioo la kusukuma linataka chenga kubwa zaidi. Zipo za bei poa zenye meno ya kauri, kwa umbo karibu pacha. Ukiipata hiyo ya kauri dukani, shika mpini uutikise. Chuma cha katikati kikicheza, iache hapo hapo, maana ukitaka chenga kubwa itakutolea za kila saizi.

Ya pili ni ya umeme yenye meno. Nyumba yenye wanywaji wanne, au yenye wageni wasiokwisha, mkono utachoka. Baratza Encore ina hatua 40 za kurekebisha na vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja, kwa hiyo meno yakiisha hutupi mashine nzima. Ila soma kibandiko cha chini. Shemeji aliwahi kunibebea mashine ya aina nyingine kutoka Marekani, zawadi nzuri tu. Nikachomeka. Ikanguruma kama bodaboda inayopanda mlima, sekunde chache, kisha moshi. Ilikuwa ya volti 120, na ukuta wangu wa Dar unatoa 230. Transfoma ingeiokoa, lakini jumlisha bei yake kabla hujaagiza.

Ya tatu, usicheke, ni kinu na mchi. Kwa kahawa chungu ya kuchemshwa kwenye dele juu ya makaa, na tangawizi na iliki, sioni sababu ya kununua mashine. Unga unachemka muda mrefu, machicha yanatuama chini, chenga kutolingana hakuudhi sana. Kiwe kinu chake peke yake, kisije na kumbukumbu za kitunguu saumu.

Visu nimeviweka mwisho, na ninavyo. Kama unavyo tayari, usishikilie kitufe: bonyeza sekunde mbili, achia, tikisa, rudia. Kisha pitisha kwenye chujio la chai, chenga zirudi ndani. Inasaidia kuliko nilivyotegemea.

Mwenye mashine ya espreso ana hesabu zake. Atahitaji ya kurekebika kwa hatua ndogo mno, na hiyo haipatikani kwa bei rahisi.

Ukishanunua, usioshe meno ya chuma kwa maji, brashi kavu inatosha. Na usikubali viungo visagiwe humo hata mara moja. Yangu siku hizi inalala kabatini chumbani, tangu Ijumaa moja ya pilau kahawa iliponiletea harufu ya binzari nyembamba.