Uzoefu wangu wa Wave-Gotik-Treffen: utepe mmoja, mji mzima wa Leipzig

Nianze na hukumu, maana najua wengi husoma mistari ya kwanza tu wakaondoka. Tiketi ya Wave-Gotik-Treffen ni halali ya bei yake, ila si kwa sababu ya bendi. Anayefuata bendi peke yake atarudi na kinyongo. Anayetaka kuvaa, kutembea na kukesha katika mji unaompokea alivyo, huyo hatajutia pesa zake.

Kwa asiyeujua, huu ni mkutano wa magothi, watu wa nguo nyeusi, lesi, ngozi na muziki wa huzuni, unaofanyika Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, kila wikiendi ya Pentekoste. Unaanza Ijumaa na kuishia Jumatatu, ambayo kule ni sikukuu. Ulianza mwaka 1992 katika klabu ya Eiskeller ukiwa na watu kama 2,000, na siku hizi huja 18,000 hadi 20,000 hivi. Mwaka 2000 waandaaji walifilisika tamasha likiwa katikati, bendi nyingi zikafunga virago, na waliobaki wakaliendesha wenyewe, baadhi ya wanamuziki wakipiga bure. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini wenye umri mkubwa pale hulizungumzia kama mali yao.

Na wenye umri mkubwa ni wengi, jambo ambalo sikulitarajia. Mzee wa miaka kama 60, kucha nyeusi, koti la mahameli mpaka kwenye vifundo, anamsukuma mjukuu kwenye kigari. Wengine wao walianza ugothi enzi za Ujerumani Mashariki, wakati Stasi, idara ya usalama wa taifa, ikiwafuatilia vijana wa aina yao. Mtu aliyewekewa faili kwa ajili ya nywele zake hawezi kuziacha kirahisi akizeeka.

Tiketi ni zaidi ya euro 100. Ukifika unapewa utepe wa kufunga mkononi, na huo ndio kila kitu. Ndio mlango wa kumbi, ambazo ni makumi na zimetawanyika mji mzima. Ndio nauli ya tramu na mabasi ya mjini kwa siku zote za tamasha. Tena unakuingiza bure katika makumbusho kadhaa. Hakuna uwanja mmoja uliozungushiwa uzio. Mji wenyewe ndio uwanja.

Hapo ndipo penye utamu wote kwangu. London nimewahi kukesha na magothi. Ndiko klabu ya magothi ya Batcave ilikofunguliwa, mtaa wa Soho, mwaka 1982, na Camden mpaka leo unapata kila aina ya buti. Lakini kule ugothi niliouona ulikuwa wa usiku: unavaa, unaingia klabuni, alfajiri unajificha ndani ya koti. Leipzig watu wanakwenda kununua mkate wakiwa wamevaa gauni la pete za chuma ndani. Tramu namba 11 inayoelekea kusini, kwenye viwanja vya maonyesho vya agra, ilikuwa na bibi mmoja na mfuko wake wa viazi, kushoto kwake bwana mwenye barakoa ya kuzuia gesi, kulia kwake dada mwenye pembe. Bibi akamwomba yule mwenye pembe asogee kidogo. Basi, safari ikaendelea.

Miaka yangu ya Berlin nimezoea kutazamwa kwenye treni kwa sababu ambayo sikuichagua. Ndani ya tramu ile nilitazamwa kwa sababu ya sketi. Sijui niliseme vipi zaidi ya hapo.

Sketi yenyewe ilishonwa Kariakoo. Nilipokuwa likizo Dar nilinunua mahameli nyeusi na lesi, nikampelekea fundi picha kwenye simu. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akauliza: “Dada, hii ya msiba au ya harusi?” Nikamwambia ya tamasha. “Basi tuiongezee marinda,” akasema, na akaongeza safu mbili ambazo sikumwomba. Kwenye soko la agra, ambako wauzaji wa nguo, viatu na vito hujaza ukumbi mzima, niliona sketi za namna ile kwa bei ambayo fundi wangu angeshona nne na chenji ikabaki. Wadada watatu waliniuliza nimeinunua kwa mbunifu gani.

Koseti ni habari nyingine. Ya kwanza niliiagiza mtandaoni, duka silitaji, picha zilikuwa tamu kweli. Ilipofika, mbavu zake zilikuwa za plastiki. Plastiki ikipata joto la mwili hupinda, na ikishapinda hukuchoma chini ya kwapa usiku kucha. Inayofaa ni ya vyuma: vyuma bapa mgongoni karibu na matundu ya kamba, na vyuma vya kusokotwa ubavuni ili uweze kuinama. Ukipata nafasi ya kuishika kabla ya kununua, ikunje kidogo kwa mkono. Ya chuma hurudi ilivyokuwa. Halafu usiikaze mpaka mwisho siku ya kwanza. Ivae nyumbani saa chache chache, kitambaa kishike umbo lako kwanza.

Sasa swali ambalo dada zangu huniuliza kila nikiweka picha: unajipaka poda nyeupe usoni? Sijipaki. Kwenye ngozi yangu inatoa rangi ya majivu, na sioni kwa nini nijifanye maiti wa Kizungu. Shida ni kwamba mafunzo mengi ya vipodozi vya kigothi yametengenezwa kwa uso mweupe, ambako wanja mweusi peke yake unatosha kuleta kishindo. Kwangu wanja unazama. Kilichonifaa ni rangi ya fedha kwenye kope, zambarau iliyokolea midomoni, na wanja wa manga ndani ya jicho, uleule ambao bibi yangu alijipaka Tanga akienda harusini. Weusi tulikuwa wachache mno pale, lakini kila tulipokutana tulikaguana vipodozi kwa macho, tukatikisiana vichwa na kila mtu akaendelea na njia yake.

Kuhusu viatu nitakuwa mfupi. New Rock za Hispania ndizo zilizotawala, nazo ni nzuri kuziangalia, vyuma mpaka kisiginoni. Ila ni nzito, na umbali kati ya ukumbi na ukumbi si mchezo. Mimi nilikwenda na Dr. Martens zangu za matundu 8, zilizokwisha kulainika miaka. Ukinunua mabuti mapya, yavae wiki kadhaa kwanza, la sivyo malengelenge ndiyo yatakayokuchagulia bendi.

Usiku nilioupenda kuliko wote ulikuwa wa Moritzbastei. Ni mahandaki ya ngome ya kale ya mji, yaliyokuwa yamefukiwa na vifusi mpaka wanafunzi wa chuo kikuu walipoyachimbua kwa mikono kuanzia mwaka 1974. Angela Merkel, kansela wa baadaye, aliyekuwa akisoma fizikia chuoni hapo, alikuwa miongoni mwao. Dari ni matao ya mawe, jasho linadondoka kutoka juu, na ukipita kutoka chumba kimoja kwenda kingine muziki unabadilika: huku gitaa la besi la miaka ya 1980, kule vinanda vya umeme na midundo ya kiwandani inayopiga kifuani. Chukua vizibo vya masikio, sitanii.

Namna wanavyocheza ilinichekesha mwanzoni. Mtu anacheza peke yake, hatua mbili mbele, mbili nyuma, macho sakafuni, mikono inachora hewani kama anayefuta utando wa buibui darini. Hakuna anayekuja kukushika kiuno. Nimelelewa kwenye singeli na ngoma za harusi ambako mwenzio akikuona umesimama anakuvuta, kwa hiyo saa ya kwanza nilihisi nimetengwa. Saa ya pili nilishukuru. Usiku kucha hakuna mkono hata mmoja ulionigusa bila idhini. Mabaunsa walikuwa na adabu, na mlevi wa fujo sikumwona.

Kasoro zipo. Ukumbi ukijaa mlango hufungwa, utepe wako uwe na nguvu kiasi gani, kwa hiyo ukitaka bendi kubwa lazima uwahi saa nzima au zaidi, na wakati huo unakosa nyingine tatu. Pentekoste huweza kuangukia joto la kiangazi, na mahameli chini ya jua la saa nane mchana ni adhabu. Malazi hupandishwa bei bila haya. Nyumba ya wageni niliyolala ilinitoza mara mbili ya bei ya kawaida kwa chumba chenye dirisha linaloangalia ukuta. Tena kuna wachache wanaopenda sare za kijeshi za mtindo wa zamani. Alama za Wanazi ni kosa la jinai Ujerumani na sikuziona, lakini sare zile zilinifanya nibadilishe upande wa barabara. Magothi wenyewe hubishana juu ya jambo hili mwaka hadi mwaka, na mimi niko upande wa wanaosema wazivue.

Nimetoa nyota 4 kati ya 5.

Mchana usilale moja kwa moja. Makaburi ya Südfriedhof, karibu na mnara ule mkubwa wa kumbukumbu ya vita vya 1813 dhidi ya Napoleon, huwa na matembezi ya kuongozwa, na ni bustani hasa, miti mikubwa na sanamu za malaika. Wengi huenda kupigana picha. Mimi nilikaa nje ya lango. Kwetu kaburini huendi na marinda.

Na kama huna uhakika, mwaka wa kwanza usinunue tiketi. Panda treni kutoka Berlin, ni kama saa moja na robo, ufike Clara-Zetkin-Park Ijumaa mchana kwenye pikiniki ya mavazi ya enzi za Malkia Victoria. Haina kiingilio. Wenyeji huja na watoto wao, magothi hutandika shuka na kumimina chai kwenye vikombe vya kauri, na wapiga picha ni wengi kupita kiasi. Ukiona imekufaa, Heidnisches Dorf (Kijiji cha Kipagani), soko la tamasha la mtindo wa enzi za kati kule Dölitz, huuza viingilio vyake peke yake, kwa hiyo jioni unaweza kumalizia huko bila utepe. Beba pesa taslimu, si kila kibanda kinapokea kadi.