Utabiri mmoja au picha kadhaa za kesho?

Mpango wa miaka mitano unapendeza kwenye karatasi: mauzo yatapanda kiasi hiki, gharama zitashuka, faida hii hapa. Benki huupenda. Ila umesimama juu ya utabiri mmoja, na ukikosea, mpango wote unalala.

Njia ya pili ni kuchora picha kadhaa za kesho, kisha kujiuliza kila moja ikitokea utafanyaje. Shell, kampuni ya mafuta, walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, Pierre Wack akiwa kinara. Timu yake iliwauliza wakubwa: nchi zenye mafuta zikibana mauzo, je? Oktoba 1973 vikwazo vya nchi za Kiarabu vikaja, na kufikia Januari 1974 pipa lilikuwa limetoka kama dola 3 hadi karibu 12. Tarehe hawakuitabiri (nani angeweza?), lakini swali halikuwa geni kwao.

Njia hii hula muda, na wakubwa hukimbilia picha inayowafurahisha. Mwenye genge la mtaani utabiri mmoja unamtosha. Anayeagiza bidhaa kwa dola, ningemshauri achore angalau picha mbili, akianza na ile ya shilingi kuporomoka.