Nimefunga gesi kwenye mkweche wangu wa namba A

Korola 110 yangu ni namba A, yaani herufi ya kibao inasema ilisajiliwa zamani; E ndizo mpya. Ukiwa Dar unajua maana yake: trafiki anakusimamisha kwanza, kosa atalitafuta baadaye. Shemeji yangu, mwenye namba E na mkopo usioisha, kila tukikutana ananiambia serikali ingeamuru makopo kama langu yakatwe chuma chakavu. Nikaenda gereji moja Sinza kufunga mfumo wa gesi, gari litembelee gesi asilia badala ya petroli.

Bei milioni 1.8. Kabla ya kugusa chochote fundi alipima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne za injini. "Kaka, ya tatu imechoka, ringi zimekwisha. Tengeneza kwanza, la sivyo rudi na hela yako." Hapo ndipo aliponipata, maana wengine wangenifungia tu nikaondoka na moshi wangu. Ringi na ufundi vikala laki tatu na nusu zaidi, na siku mbili walizoahidi zikawa nne. Nne nzima nimening'inia kwenye daladala za Mbezi.

Mtungi umemeza buti. Tairi la spea sasa linakaa siti ya nyuma, nimelifunga mkanda. Mlima wa Kimara ukipanda na kiyoyozi gari inanung'unika, nabonyeza swichi narudi petroli. Ila gesi ya 15,000 inanitosha Mbezi–Posta siku tatu, petroli ilikuwa haipungui 35,000. Na jirani hafungi tena dirisha nikiwasha asubuhi. Foleni ya kujaza sitaki hata kuizungumzia.

Sasa huyu shemeji. Marekani mwaka 2009 serikali ililipa dola 3,500 au 4,500 ukisalimisha gari kuukuu ununue jipya linalokula mafuta kidogo, kisha injini ya lile la zamani ikamiminiwa sodiamu silikati na kuungurumishwa mpaka ikakwama. Angalau walilipa! Hapa gari kuukuu likiingia bandarini linatozwa ushuru wa ziada kwa umri wake, na hilo naliona sawa. Lakini lililokwisha kuwa barabarani lipimwe kama yule fundi alivyopima langu, silinda kwa silinda, si kwa herufi ya kibao. Nimeona namba D zinazotoa moshi kama tanuri la mkaa.

Gereji naipa nyota nne. Ukienda, wahi kabla ya saa mbili asubuhi, na waulize mapema mtungi utakaa vipi. Mimi sikuuliza, na juzi shemeji amepanda nyuma, kaliangalia tairi, kauliza kama nalo linalipa nauli.