Chokoleti ya kutengeneza nyumbani na watoto: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujaangalia bei, geuza pakiti. Viungo huorodheshwa kwa kufuata uzito, kwa hiyo kilichotangulia ndicho kilichojaa zaidi humo ndani. Sukari ikiwa ya kwanza na kakao ikiwa ya nne au ya tano, ulichoshika ni sukari yenye rangi ya chokoleti. Tafuta pia maneno mawili ya Kiingereza ambayo lebo zetu hazikosi. Ukisoma cocoa butter, hayo ni mafuta ya kakao yenyewe. Ukisoma vegetable fat mahali pake, mafuta ya kakao yameondolewa na kuwekwa mengine ya bei nafuu, mara nyingi ya mawese au ya kokwa za mchikichi. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo sumu, ila kazi zake jikoni ni tofauti kabisa, na pesa nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi hakujua ameshika ipi.

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, ambako watoto wa kila kabila tulicheza kwa Kiswahili, na sasa nalea watatu wangu hapahapa Kampala. Kila likizo tunatengeneza vitu vya chokoleti pamoja. Hatuna oveni. Tuna sigiri, jiko la gesi la plati mbili, na friji ndogo. Mpangilio ninaoutoa hapa ni wa nyumba ya namna hiyo, na nimeupanga kwa kujiuliza jambo moja: shilingi yangu imenunua kakao kiasi gani?

Ya kwanza, na hainitii shaka hata kidogo, ni unga wa kakao mtupu. Hauna sukari wala maziwa. Kopo moja dogo linatosha likizo nzima, halihitaji friji, na mtoto wa miaka sita anaweza kulitumia bila kukaribia moto. Sukari unayo tayari nyumbani, mafuta unayo, na utamu unaupima mwenyewe. Pishi likikudai chokoleti chungu ya kupikia na huna, vijiko vitatu vikubwa vya unga wa kakao pamoja na kijiko kimoja cha siagi au majarini vinachukua nafasi ya gramu 28 hivi za chokoleti isiyo na sukari.

Kuna unga wa aina mbili, na wauzaji wengi hawatakwambia. Ule wa asili una rangi ya kahawia iliyofifia na uchachu kidogo. Wa pili umetiwa alkali kiwandani, rangi yake imekolea karibu na weusi na ladha yake ni laini zaidi. Lebo ikitaja kidhibiti asidi, au namba E501, ni huo wa pili. Kwa mipira ya biskuti na kashata, nunua wowote. Kwa keki ya sufuria kuna tofauti: unga wa asili unakwenda na magadi soda, kwa sababu uchachu wake ndio unaoyaamsha magadi keki ikaumuka, uliotiwa alkali unataka baking poda. Nimewahi kuona keki ikilala kama chapati kwa kosa hilo tu, na aliyeipika akalaumu moto.

Jihadhari na unga uliopimwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, bila lebo. Mwaka juzi nilinunua nusu kilo namna hiyo, muuzaji akaniapia ni kakao safi, kumbe imechanganywa na sukari ya unga na kitu kingine nisichokijua. Siku hizi naomba kijiko kimoja nikijaribu kwanza. Kakao halisi ukiimwagia maji ya moto hugoma: huelea na kufanya madonge mpaka uikoroge kwa bidii, na ukiionja ni chungu. Ikiyeyuka mara moja na kuwa tamu, rudisha. Bidhaa iliyofungwa kwa lebo, hasa ya humu nchini, itafutie alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.

Mapishi yetu ya kudumu ni haya. Saga gramu 200 za biskuti za kawaida. Waachie watoto, wazitie kwenye mfuko safi na kuzipondaponda kwa chupa. Changanya na vijiko vitatu vikubwa vya kakao, vijiko viwili vya majarini iliyoyeyushwa, na nusu kopo la maziwa mazito matamu. Finyanga mipira midogo, igaragaze kwenye simsim iliyokaangwa au nazi iliyokunwa, weka kwenye friji saa moja. Kashata nayo ni kazi ya mkubwa, kwa sababu shira ya moto huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka: gramu 250 za sukari, nusu kikombe cha maji, ichemke mpaka ivute uzi, kisha vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na vijiko viwili vya kakao, ukoroge haraka na kuimwaga kwenye trei iliyopakwa mafuta. Walio chini ya miaka mitano usiwape karanga nzima, ziponde.

Nafasi ya pili naipa chokoleti nyeusi iliyotengenezwa hapa Uganda. Najua bei yake inamshtua mtu, na simwambii yeyote ainunue kila wiki. Lakini kakao yetu nyingi hutoka Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, na kwa miaka mingi imekuwa ikiondoka kama mbegu kavu na kuturudia kama pakiti za kung'aa kutoka mbali. Sasa wapo watengenezaji wanaoikamilisha hapa, kama Latitude wa Kampala, na mtoto anaweza kuonja kakao ya nchi yake akiwa nchini mwake. Hilo kwangu lina uzito, na ninalipia kwa moyo mweupe.

Kwa upande wa jiko, orodha yake ya viungo huwa fupi: kakao, sukari, mafuta ya kakao. Ya asilimia 70 maana yake ni kwamba gramu 70 katika kila 100 zimetoka kwenye mbegu ya kakao na zilizobaki karibu zote ni sukari. Kipande kimoja kinatosha rojo zito la kumiminia keki: pasha maziwa ya krimu uzito sawa na chokoleti, usiyachemshe sana, yamwagie juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, koroga. Mwanangu wa kati huila kwa kidole mpaka bakuli linang'aa.

Udhaifu wake ni joto. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo sababu chokoleti nzuri huyeyuka mdomoni bila kutafunwa. Ndiyo sababu pia hufika nyumbani imekuwa uji ukiibeba kwa boda saa saba mchana. Na ukitaka kuchovya kitu kisha kikauke kwa kung'aa, lazima uifuate kwa kipimajoto: iyeyushe hadi nyuzi 45 au 50, ishushe hadi 27 au 28, ipandishe tena hadi 31 au 32. Usipofanya hivyo itabaki laini na yenye mabaka. Watoto hawana subira hiyo, na sioni kwa nini tuwalazimishe.

Kwa kuchovya basi, ya tatu kwenye orodha yangu inazishinda zote: bamba la kompaundi, lile la kilo nzima linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Hii ndiyo ile yenye mafuta mengine badala ya ya kakao. Huyeyuka, huchovya, hukauka ngumu bila hesabu za nyuzi, na hustahimili joto la Kampala, hata la Arua kule kaskazini. Ndizi za sukari, zile fupi tunazoita ndiizi, zimenye, zichome kijiti, zigandishe saa mbili, kisha zichovye: ganda linashika papo hapo na watoto hupiga kelele za furaha. Ladha yake haifiki ya kweli. Hubaki kwenye ulimi kama nta, na hilo utalihisi zaidi ukiila yenyewe kuliko ikiwa juu ya ndizi baridi. Inunue kwa kazi hiyo, kwa bei ya kazi hiyo. Muuzaji akikudai bei ya chokoleti halisi kwa bamba ambalo lebo yake haina cocoa butter, ondoka. Na kompaundi nyeupe haina unga wa kakao wala mafuta ya kakao. Ninainunua kidogo sana, kwa ajili ya kuchora majina tu.

Iwe chokoleti nyeusi au kompaundi, ukiiyeyusha weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofukuta, sehemu ya chini isiguse maji, na ufute kila kitu kikauke kwanza. Matone machache tu ya maji huifanya chokoleti ishikane ghafla na kuwa kama udongo. Ikishakutokea usiitupe: ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo ukikoroga, itageuka rojo la kumiminia.

Nne ni chokoleti za kula za maziwa, kama Cadbury Dairy Milk. Hizi zina sukari nyingi na huungua upesi juu ya moto, na kwa gramu moja ya kakao unalipa zaidi kuliko unavyodhani. Nazinunua kwa kukata vipande vya kupachika juu ya keki, basi. Angalia gramu, siyo ukubwa wa karatasi. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, baada ya mavuno kwenda vibaya Côte d'Ivoire na Ghana, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya bei za zamani. Piga hesabu upya kila unaponunua. Tuseme pakiti ya gramu 200 ni shilingi 18,000 na ya gramu 125 ni shilingi 13,000. Ya kwanza ni shilingi 90 kwa gramu, ya pili 104, ingawa mkononi ya pili ndiyo iliyoonekana rahisi. Papasa pia pakiti: ikiwa imepinda au ina mabonde, iliyeyuka njiani ikaganda tena. Ule weupe unaoukuta juu ya chokoleti ya namna hiyo si ukungu, ni mafuta au sukari iliyopanda juu. Inafaa kupikia, lakini omba upunguziwe. Na kwa nyumba zisizotumia pombe, soma pakiti za zawadi kwa makini, nyingine zina jazo la pombe.

Chokoleti ya kupaka mkate ni ya tano. Nutella, kwa mfano, ina asilimia 7.4 tu ya kakao. Kilichojaa ni sukari na mafuta ya mawese, pamoja na asilimia 13 ya njugu za hazeli. Ukiwa na kopo lililobaki, litumie ndani ya chapati. Kulinunua kwa ajili ya mapishi siwezi kukushauri.

Chokoleti ya kunywa naiweka mwisho. Kwenye makopo mengi niliyoyasoma, sukari ndiyo ya kwanza, na Milo ni kinywaji cha kimea, si kakao ya kupikia. Ukiitumia kwenye keki badala ya unga mtupu, utapata keki tamu iliyopauka.

Chochote utakachonunua, kifunge vizuri na kiweke mbali na vyenye harufu. Chokoleti hunyonya harufu upesi, na kuiweka kabati moja na mukene, wale dagaa wetu, au vitunguu ni kuiharibu. Mbwa naye asipewe hata makombo, kakao ni sumu kwake.

Nje ya mpangilio nimebakiza kitu kimoja, kwa sababu ni ununuzi wa mara moja kwa mwaka: mbegu zenyewe. Watu wa mume wangu wanalima kakao Bundibugyo, na mama mkwe ndiye aliyenifundisha kuchagua. Tunda hupasuliwa kwa panga, mbegu zenye utelezi mweupe hurundikwa na kuvundikwa chini ya majani ya mgomba siku tano au sita, zikigeuzwa, kisha huanikwa juani. Bila kuvundikwa hakuna ladha ya chokoleti, hata ukaange namna gani. Kwa hiyo unaponunua, omba kisu, pasua mbegu tatu nne. Ndani ziwe kahawia na zenye mipasuko. Zikiwa za zambarau au kijivu kama jiwe, hazikuvundika vya kutosha. Ukinusa ukapata ukungu au moshi, usichukue.

Kilo moja itakupa kama gramu 750 hivi baada ya kukaanga na kumenya. Zikaange kwa moto mdogo kwenye karai dakika 20 au 25, ukikoroga bila kuacha, mpaka maganda yaalike na nyumba inukie keki. Zikipoa, watoto wazimenye na kuzipepeta kwenye ungo. Halafu kinu, na baada ya kinu jiwe lililopashwa moto, ukisaga mpaka mafuta yatoke na unga ulainike kuwa rojo. Mashine ya karanga sokoni inafanya haraka zaidi, ila ina mabaki ya karanga, hivyo iepuke ikiwa kwenu kuna mtoto anayedhurika nazo. Tia sukari mwishoni, na chembe za ndani ya ganda la vanila. Nayo pia hulimwa Bundibugyo.

Mkubwa wangu aliionja ile rojo kabla ya sukari, akakunja uso, akanyamaza kidogo, kisha akaomba kijiko cha pili.