Radi ikipiga treni: ya dizeli na ya umeme

Kwa abiria aliye ndani, tofauti ni ndogo. Behewa la chuma hufanya kazi kama kizimba: umeme wa radi hupita kwenye bodi kwa nje, hushuka kwenye magurudumu, huingia kwenye reli na kuishia ardhini. Utasikia kishindo kikali, pengine taa zizime kidogo.

Tofauti kubwa iko juu ya paa. Treni ya dizeli haina waya, kwa hiyo radi ikishapita, injini mara nyingi huendelea kunguruma. Ya umeme inategemea waya ambao mara nyingi hubeba volti 25,000, na waya huo uliotandazwa kilomita nyingi hupigwa kirahisi kuliko treni yenyewe. Radi ikiupiga, cheche huruka kwenye vikombe vya kauri vinavyoushikilia, swichi za kituo cha umeme hukata, na treni kadhaa husimama kwa pamoja. Vizuia radi hupunguza madhara, lakini haviyamalizi.

Kwa kuendelea na safari, mimi naipa dizeli alama. Kwa usalama, siipi, kwa sababu hatari kubwa iko kwenye mitambo ya ishara kando ya njia, na hiyo zote mbili zinaitegemea. Huko Wenzhou, China, Julai 2011, radi iliharibu mitambo hiyo, taa ikabaki kijani wakati njia ina treni. Treni ya nyuma ikaigonga ya mbele. Watu 40 walikufa.