Pugu-Kazimzumbwi: ingia alfajiri au usiingie kabisa

Anayetaka simba na tembo aweke nauli aende Mikumi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ni msitu wa vilima upande wa Kisarawe wenye bwawa la Minaki, na wanyama wake wa thamani zaidi wengine wanaenea kiganjani. Wanaotoka wakilalamika kwamba hamna kitu, kwa kawaida wameingia saa sita mchana, watu kumi na tano kwa mpigo, mmoja kabeba spika.

Kufika ni rahisi. Panda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha chukua ya Kisarawe inayopitia Pugu Kajiungeni. Mwambie konda mapema kwamba unashuka hifadhini, la sivyo utajikuta Kisarawe mjini. Kwa gari, asubuhi unakwenda kinyume na foleni ya Barabara ya Nyerere. Balaa ni kutoka Kariakoo Ijumaa jioni kwenda kupiga kambi: hapo unatambaa nayo Tazara, Banana, Ukonga, na giza linakukuta kabla hujasimamisha hema. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Kiingilio, mwongozaji, boti na kambi ni vitu tofauti. Taja vyote unavyotaka kabla namba haijatolewa.

Mwongozaji usimkwepe. Njia za msituni zinafanana, na kazi yake kubwa si kuonyesha njia bali kukunyamazisha. Mnyama wa kutafuta hapa ni sange, yule mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo. Wa Pugu ana rangi ya kutu mbele na mgongo mweusi kuelekea nyuma. Hutembea mchana, lakini utamsikia kabla hujamwona: majani makavu yanachakuliwa kwa vipindi, kwaru, kimya, kwaru tena, kwa kuwa anaingiza pua chini ya majani akitafuta wadudu. Simama palepale. Ukipiga hatua mbili kumfuata, anaruka na hutamwona tena. Kundi la watu wanne linatosha. Wakizidi hapo, viatu peke yake vinamfukuza. Kima na ngedere hawana shida hiyo, wao watakufuata wenyewe wakinusa chapati. Funga begi.

Anayelala kambini ana bahati zaidi. Usiku kuna komba wa aina kadhaa, na mmoja wao, komba wa Rondo, anapatikana Tanzania tu, katika misitu michache ya pwani, huu ukiwa mmojawapo. Ana uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Tochi kali humkimbiza. Funika kioo chake kwa plastiki nyekundu, uimulike pembeni mwa mti wala si machoni mwake, kisha subiri macho yang'ae.

Udongo nao una tabia zake. Vilima hivi vina kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na ukilowa unateleza kama sabuni. Raba za mtaani zenye soli bapa zitakuangusha kwenye mteremko wa kwanza. Vaa buti lenye meno, suruali ndefu, na chomeka miguu ya suruali ndani ya soksi kwa sababu ya kupe. Baada ya mvua angalia chini: siafu hukatiza njia kwa mstari, na anayesimama juu yao kupiga picha hucheza bila ngoma. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri ya kutembea. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni ya wapenda ndege wenye uvumilivu. Maji lita mbili kwa mtu. Chini ya miti hakuna upepo, na joto la Dar limejaa unyevu kulekule.

Mapango ya popo watu huyataja sana. Ni mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, si mapango ya asili, kwa hiyo dari usiigonge wala kuiegemea. Harufu ya mkojo na kinyesi cha popo inachoma pua, na vumbi lake si zuri kwa mapafu: barakoa ni lazima, na popo hashikwi. Kwa maoni yetu kuingia ndani hakuna faida yoyote. Kaa nje giza linapoanza, uwaone wakimwagika mdomoni mwa handaki kama moshi. Hiyo ndiyo burudani yenyewe.

Bwawani nenda mapema, maji yakiwa bado yametulia na mdiria akivizia samaki kutoka kwenye tawi. Kuogelea hapana, maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wa kichocho. Boti ni nzuri kwa watoto, ila vaeni maboya hata kama safari ni ya dakika chache.

Mahali pa kutazama jiji kutoka juu pawe mwisho wa ratiba, jua likiwa nyuma yako. Asubuhi linakupiga usoni, na picha zote hutoka nyeupe.