Kukokota Gari Nyuma ya Basi Lililogeuzwa Nyumba: Kipi Kinunuliwe na Kipi Kiachwe

Anayenunua basi kuukuu nchini Marekani au Kanada na kuligeuza nyumba ya safari hugundua mapema kwamba nyumba yenye urefu wa mita 12 haifai kutumwa dukani kununua mkate. Likishaegeshwa kambini na kuunganishwa maji na umeme, hakuna anayetaka kulifungua tena kwa sababu ya dawa ya kikohozi iliyoko mjini. Ndiyo maana wamiliki wengi hukokota gari dogo nyuma, na maduka ya vifaa vya kambi yamejaa bidhaa za kazi hiyo, nyingine bora na nyingine za kumwaga fedha tu.

Ushauri unaopatikana kwa wingi kuhusu jambo hili umelengwa kwa wenye nyumba za magurudumu zilizotoka kiwandani, ambazo huja na kishikio cha kukokotea pamoja na kibandiko kinachotaja uzito unaoruhusiwa. Mabasi mengi kuukuu hayana kibandiko hicho. Yaliundwa kubeba abiria na mizigo yao, na aliyeyasanifu hakutarajia kitu chochote kifungwe nyuma yake. Kwa hiyo njia zilizopo zimepangwa hapa kwa kipimo kimoja kinachotangulia bei na urahisi, nacho ni uzito ambao kila njia inautwika mkia wa basi.

Kwanza, mkia wenyewe

Basi la shule, kama vile Blue Bird au Thomas, lina chesisi ya mihimili miwili ya chuma inayofika hadi nyuma, na fundi wa kuchomelea anayejua kazi yake anaweza kuifungia kishikio bila taabu kubwa. Mabasi ya masafa marefu ni habari nyingine. GM PD-4106, MCI MC-9 na Prevost hayakujengwa juu ya chesisi ya namna hiyo, bali mwili wenyewe ndio unaobeba mzigo, na injini iko nyuma kabisa. Kishikio kilichofungwa kwenye bampa au kwenye kitanda cha injini kinaweza kuonekana imara siku ya kwanza, lakini nguvu ya kuvuta inapaswa kufikishwa kwenye sehemu za mwili zilizokusudiwa kubeba uzito. Isitoshe, katika mengi ya mabasi hayo injini hutolewa kwa nyuma pamoja na kitanda chake, hivyo kishikio kisichoweza kufunguliwa kwa boliti kitamlazimisha fundi kukikata siku injini itakapohitaji kushushwa.

Jambo la pili ni umbali kati ya ekseli ya nyuma na mwisho wa basi. Tuchukue mfano wa basi ambalo ekseli zake zimeachana mita 6 na mkia wake umezidi mita 3 nyuma ya ekseli. Tela lenye gari juu yake, jumla ya kilo 3,000, linapaswa kuweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo kwenye kishikio ili lisiyumbe barabarani, yaani kilo 300 hadi 450. Kwa kuwa uzito huo uko mita 3 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma itabeba kilo 450 hadi 675 zaidi, na ekseli ya mbele itapungukiwa na kilo 150 hadi 225, usukani uwe mwepesi kuliko inavyotakiwa. Mmiliki aliyekwisha kuweka matangi ya maji na betri nyuma ya ekseli hiyo hana nafasi ya kuongeza kitu. Mizani za CAT Scale zilizopo kwenye vituo vya malori hupima kila ekseli peke yake. Basi lipimwe likiwa limejaa maji, mafuta na watu kabla ya senti moja kutumika.

Nafasi ya kwanza: gari kukokotwa magurudumu yote manne yakiwa chini

Kwa basi, hii ndiyo njia bora, na sioni ushindani wa karibu. Gari linajibeba lenyewe kwa magurudumu yake. Kinachoning'inia kwenye mkia wa basi ni mkono wa kukokotea tu, yaani chuma kinachounganisha basi na gari, ambao hauzidi sana kilo 20. Hakuna tela la kutafutiwa mahali kambini, na urefu wa msafara haupiti kiasi. Majimbo mengi ya Marekani yanaweka kikomo cha futi 65 (mita 19.8) kwa magari mawili yaliyounganishwa. Basi la futi 40 na gari dogo la futi 15, pamoja na mkono wa katikati, huingia ndani ya kikomo hicho kwa nafasi. Basi la futi 45 likivuta tela la futi 22 limekwisha kukipita.

Makampuni matatu ndiyo yanayotawala soko la mikono hiyo: Blue Ox, Roadmaster na Demco. Blue Ox Avail imeidhinishwa kwa pauni 10,000 (kilo 4,536), Blue Ox Ascent kwa pauni 7,500, na Roadmaster Sterling kwa pauni 8,000. Mwenye gari la pauni 4,000 hahitaji iliyo kubwa kuliko zote, lakini akumbuke kwamba uwezo wa msafara mzima ni uwezo wa kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, iwe ni kishikio, kipande cha kushushia kimo, mkono au bamba la kuungia lililofungwa kwenye gari. Kinachostahili kulipiwa zaidi ni vifungo vya mikono vinavyofunguka hata gari likiwa limesimama upande au kwenye mteremko. Mkono wa bei nafuu hukaza pini zake mahali kama hapo, na mmiliki hujikuta akigonga nyundo mvuani.

Lipo jambo linalowahusu wenye mabasi pekee. Mikono ya kisasa hukunjwa na kubaki nyuma ya basi baada ya gari kufunguliwa. Katika basi lenye injini nyuma, mkono uliokunjwa unaweza kuziba mlango wa injini, na katika basi la shule unaweza kukaa mbele ya mlango wa dharura wa nyuma ambao familia huutegemea moto ukitokea. Pima kwa utepe kabla ya kuagiza. Pima pia kimo: kishikio cha basi na ncha za bamba la gari vinapaswa kuwa karibu usawa mmoja, na tofauti ikizidi sentimita 8 hadi 10 kinahitajika kipande cha kusawazisha kimo, ambacho nacho kina kikomo chake cha uzito.

Kasoro yake kubwa ni kwamba msafara huu haurudi nyuma. Ukijaribu, magurudumu ya mbele ya gari hujigeuza yenyewe hadi mwisho na mkono hupinda. Anayeingia kituo cha mafuta asichokijua lazima awe ameona njia ya kutokea.

Gari gani linafaa

Kasoro ya pili ni kwamba si kila gari linakubali. Katika giaboksi nyingi za otomatiki, pampu ya mafuta hufanya kazi pale tu injini inapowaka; gari likikokotwa injini ikiwa imezimwa, gia huzunguka bila kulainishwa hadi ziungue. Jeep Wrangler imependwa kwa miaka mingi kwa sababu transfa yake, yaani kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina nafasi ya nyutro inayoitenga giaboksi kabisa. Magari mengi ya gia za mkono yanafaa pia. Honda CR-V ya otomatiki hadi toleo la 2014 iliruhusiwa na mtengenezaji wake, kwa utaratibu maalumu wa kupitisha gia na kuacha injini ikiwaka dakika 3 kabla ya safari; toleo la 2015, lililoletwa na giaboksi ya aina ya CVT, isiyo na ngazi za gia, halikuruhusiwa tena, na wapo wanunuzi wanaonaswa na tofauti ya mwaka mmoja. Tesla haikokotwi hivi hata kidogo, kwa kuwa mota zake huzalisha umeme magurudumu yanapozunguka. Kitabu cha mwenye gari ndicho chenye neno la mwisho, wala si muuzaji.

Nafasi ya pili: tela zima lisilo na paa

Tela hubeba gari lolote, la umeme, la magurudumu manne yanayoendeshwa au lile la zamani lisilotakiwa kuchakaa, na linaweza kurudishwa nyuma na dereva aliyezoea. Kwa mwenye basi la shule lenye chesisi imara na mkia mfupi, ni chaguo la heshima. Uzito ndio unaolishusha. Tela la kukodisha la U-Haul lenye uwezo wa kubeba gari zima lina pauni 2,210 likiwa tupu, karibu kilo 1,000, kabla gari halijapandishwa. Aluminiamu hupunguza uzito na huongeza bei. Tela lililofunikwa kama sanduku silipendekezi kwa basi kuukuu: huvuta upepo, huongeza uzito, na hushawishi mtu kupakia vitu ambavyo hajawahi kuvipima.

Nafasi ya tatu: tela la nusu

Tela hili dogo huinua magurudumu ya mbele tu, nayo ya nyuma hubaki barabarani. Lina haki ya kuwepo kwa mtu mmoja: mwenye gari la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota Corolla, ambaye hataki kulibadilisha. Linarithi ubaya wa pande zote mbili. Halirudishwi nyuma, na kambini linahitaji mahali pa kuwekwa. Kufunga mikanda ya magurudumu ni kazi ya kupiga magoti kwenye matope, na gari la magurudumu manne yanayoendeshwa halifai kuwekwa humo mpaka propela shafti, yaani mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ifunguliwe. Akilinunua, achague lenye breki zake lenyewe.

Breki, ambako fedha hazibaniwi

Watu hubishana kuhusu mikono na kusahau kwamba gari la kilo 1,800 linalosukuma basi kutoka nyuma kwenye mteremko halina huruma. Majimbo mengi yanadai breki kwa kinachokokotwa kikizidi pauni 3,000 (kilo 1,360), na hata pasipo sheria, kila anayeshuka milima ya Colorado kutoka Eisenhower Tunnel, iliyo juu ya mita 3,400, angezitaka.

Hapa basi lina bahati. Mengi yana breki za upepo, na kifaa cha Air Force One huchukua ishara moja kwa moja kutoka mfumo huo, kikabana breki za gari kwa kiasi kilekile dereva anachokanyaga. Hakihitaji kisanduku cha kuwekwa mbele ya kiti cha dereva kila safari. Kwa basi la shule lenye breki za mafuta, InvisiBrake ya Roadmaster hufungwa ndani ya gari moja kwa moja, na Ready Brute Elite hutumia kebo inayovutwa na msukumo wa gari lenyewe, kifaa cha bei ya wastani kisicho na mambo mengi ya kuharibika. Visanduku vya kubebeka vinavyosukuma pedali vinafanya kazi, lakini huwekwa upya kila mara, na mtu aliyechoka husahau. Chochote kitakachochaguliwa, kiwe na kebo ya kukatika inayobana breki za gari endapo litachomoka, pamoja na minyororo au kebo za usalama zilizopishanishwa chini ya mkono.

Swali la breki linaambatana na la giaboksi ya basi. Mabasi mengi ya shule ya miaka ya 1980 na 1990 yana giaboksi ya Allison AT545, ambayo toku konvata yake, yaani kiungo cha mafuta kinachopitisha nguvu ya injini hadi kwenye gia, haina kifungio cha kuiunganisha injini na gia moja kwa moja. Mlimani huzalisha joto jingi, na mteremkoni injini haisaidii sana kuzuia mwendo. Mwenye giaboksi hiyo achague gari jepesi kuliko yote anayoweza kuishi nalo, au mwenzake aendeshe gari hilo nyuma ya basi. Allison MT643, yenye kifungio hicho, ni afadhali zaidi.

Taa na uchafu

Baadhi ya mabasi ya masafa marefu hutumia umeme wa volti 24, ilhali gari dogo lina volti 12. Vilevile basi mara nyingi lina waya tofauti za breki na za kuashiria kona, wakati magari mengi ya Kimarekani huzichanganya katika taa moja. Vigeuzi vya bei ndogo hutatua yote mawili. Wenye injini za Detroit Diesel za mapigo mawili, 8V71 na 6V92, wanunue pia pazia zito la mpira la nyuma, kwa sababu injini hizo hudondosha mafuta kidogo kwa asili yake na gari linalofuata huyapokea yote kwenye kioo.

Gharama

Kwa njia ya kwanza, mkono hugharimu kati ya dola 800 na 1,500, bamba la gari dola 400 hadi 700, na mfumo wa breki dola 1,000 hadi 1,600, kabla ya kazi ya fundi na kishikio cha basi, ambacho kwa basi la masafa marefu huweza kuwa ndicho ghali kuliko vyote. Palipo na haja ya kubana matumizi, mkono uliotumika unakubalika ikiwa vifungo vyake vinashika, mpira wa kuzuia vumbi haujachanika na kibandiko cha uzito kinasomeka. Makampuni yote matatu huuza vipuri vya kuukarabati. Bamba la kuungia lisinunuliwe kuukuu, kwa kuwa limetengenezwa kwa ajili ya modeli moja ya gari na miaka yake maalumu, na nyufa kwenye vichomeleo vyake hujificha chini ya rangi.